Triga ya kukomaza mayai: hCG, agonisti, au zote mbili kwa pamoja?

Mara ya kwanza nilipovuna mayai kwa ajili ya IVF, yani kutungisha mimba maabara, niliamka nikaambiwa wametoa 17, nikafurahi mno, mume wangu akanishika mkono tukaanza kuhesabu viinitete kichwani kama vile kazi imeshaisha. Mchana wakapiga kutoka maabara. Yule dada akaongea taratibu kabisa, "Yaliyokomaa ni 8, mengine 9 bado machanga, hatuwezi kuyatumia." Nikanyamaza kwenye simu. Nilikuwa sijui kabisa kwamba yai linaweza kutolewa kabla halijaiva, nilidhani likishafikia saizi kwenye ultrasaundi basi limeiva.

Toka siku ile nimekuwa nikifuatilia hii kitu inaitwa triga, ile sindano ya mwisho kabla ya kuvuna. Tunaongea sana kuhusu sindano za kukuza, zile za kila siku kwa siku 10 au 12, tunaulizana dozi, tunaulizana folikali ngapi, vile vifuko vya maji ndani ya ovari vinavyolea mayai, alafu triga tunaipita haraka tu kwasababu ni sindano moja. Wakati ndio inayokomaza. Na zipo za aina tofauti, na ipi unapewa inabadilisha mambo mengi, kuanzia mayai mangapi yatafaa, mpaka kama utavimba tumbo, mpaka kama utapandikiziwa mzunguko huohuo au utasubiri. Kwahiyo nimeona niziweke pamoja tuzilinganishe, kwa yule ambaye daktari wake amemwambia "kuna njia mbili tatu hapa" na yeye hajui aulize nini.

Kwanza yai lenyewe

Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote na kila moja limelala, limesimama katikati ya kazi ya kugawanya kromosomu toka yeye mwenyewe akiwa tumboni kwa mama yake. Ukiwa na miaka 35 basi yai lako limelala miaka 35 na zaidi. Sindano za kukuza zinazijaza folikali maji na kulilea yai mpaka linakuwa tayari kuamka, ila haziliamshi. Kinacholiamsha ni homoni ya LH ikipanda ghafla. Ikipanda, ngozi ya kiini cha yai inayeyuka, kromosomu zinaanza kugawana, nusu inatolewa nje kwenye kijipira kidogo sana kinachobaki pembeni ya yai, alafu yai linasimama tena kusubiri mbegu. Hicho kijipira ndicho wanachokitafuta maabara kwenye hadubini. Wakikiona wanaandika MII, limekomaa. Wasipokiona na kiini nacho kimeshayeyuka wanaandika MI, yani liko njiani. Na kama kiini bado kinaonekana katikati kama duara wanaandika GV, hilo halijaamka hata kidogo. Linalorutubika vizuri ni MII.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi: ukifanya ICSI, ambayo mbegu moja inachomwa ndani ya yai, maabara lazima wayavue mayai yale majimaji na seli zinazolizunguka, kwahiyo siku hiyohiyo unajua mangapi yamekomaa. Kwenye IVF ya kawaida, mbegu zinawekwa na mayai kwenye sahani na seli zake, kwahiyo ukomavu wanauona kesho yake wakati wa kuangalia yaliyorutubika. Usilinganishe simu yako na ya mwenzako kabla hujajua nani kafanya nini.

Kuhusu muda, Robert Edwards, mwanasayansi wa Uingereza aliyekuja kupata Nobeli mwaka 2010, alikaa miaka akiyaangalia mayai ya binadamu kwenye sahani za maabara, na mwaka 1965 akachapisha kwamba yanahitaji kama masaa 36 hivi kukomaa, wakati ya sungura yanamaliza kwenye masaa kumi na kidogo tu. Mpaka leo ndio hesabu tunayoishi nayo. Unachoma triga, unavunwa baada ya masaa 36 au karibu na hapo. Ukiwahi sana mayai bado yako MI, ukichelewa sana folikali zinapasuka zenyewe na mayai yanapotelea tumboni.

Sasa tofauti ya triga zote ni moja tu ukiitafakari: je, LH, au kitu cha kuigiza LH, inatoka wapi, na inakaa mwilini muda gani. Mengine yote yanatokea hapo.

hCG: ya zamani, ina nguvu, inakaa

hCG ni homoni ya mimba, hiyohiyo ambayo kipimo cha mkojo kinaitafuta. Imefanana na LH kiasi kwamba ovari haizitofautishi, kipokezi ni kilekile. Kuna ya unga inayotoka kwenye mkojo wa wajawazito, mfano Pregnyl, dozi huwa ni yuniti 5,000 mpaka 10,000, na kuna inayotengenezwa maabara, Ovitrelle, ambayo ni maikrogramu 250 kwenye kalamu. Watu wanapenda kubishana ipi bora kati ya hizo mbili, ila kwa matokeo ya mimba hazijaonyesha tofauti ya maana, tofauti ni kwamba ile ya unga unaichanganya mwenyewe na hapo ndio makosa yanapotokea.

Uzuri wake hautegemei kitu kingine kwenye mwili wako. Ubongo wako uwe umefungwa na dawa, usiwe umefungwa, hCG inaenda moja kwa moja kwenye ovari na kugonga. Na kwasababu inakaa kwenye damu siku nyingi, mabaki yake yanaweza kuonekana hata siku 10 baadae, ile mifuko iliyobaki kwenye ovari baada ya kuvuna inaendelea kutoa projesteroni, mji wa mimba unakuwa umeandaliwa vizuri, kwahiyo ukitaka kupandikizwa kiinitete siku ya 3 au ya 5 baada ya kuvuna, mzunguko huohuo, hCG inakusaidia. Ila pia usipime mimba mapema, utaona mistari miwili ya sindano uumie bure.

Ubaya wake ni huohuo wa kukaa. Ukiwa na folikali nyingi, hCG inazisukuma zote kwa siku nyingi, zinatoa kemikali inayofanya mishipa ya damu ivujishe maji, maji yanaenda tumboni. Hiyo ndio OHSS, ovari kuchochewa kupita kiasi. Mimi mara ya kwanza nilikuwa na folikali zaidi ya 20, nikapewa hCG. Siku ya nne baada ya kuvuna nilikuwa nimeongezeka kilo 3, tumbo limekaza kama ngoma, nashindwa kuinama kuvaa viatu, usiku nalala nimekaa na mito mgongoni kwasababu nikilala chali pumzi inakata. Sikulazwa, ila nilifuatiliwa kila siku, na kupandikiza kuliahirishwa. Kwahiyo ile faida ya hCG ya kupandikiza hapohapo sikuipata, nilibaki na hasara tu.

Naliweka hili hapa hata kama linakatisha mada: ukiwa umechoma hCG na ukaona unaongezeka kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo umepungua na umekuwa mweusi, unatapika, pumzi inabana, au mguu mmoja unauma na kuvimba, usisubiri asubuhi. Nenda. OHSS nzito inagandisha damu na watu wamekufa kwa hiyo.

Agonisti: inaitisha LH yako mwenyewe

Hii ni dawa kama Decapeptyl (triptorelini), kwa kawaida miligramu 0.2, au Lupron, au Suprefact. Haigusi ovari. Inaenda kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo na kuiambia itoe LH iliyoiweka akiba, na inatoa yote kwa mkupuo, pamoja na FSH, ile homoni ya kukuza folikali. Hapo kwenye FSH ndio pana utamu, manake mwili kwenye mzunguko wa kawaida katikati ya mwezi unapandisha LH na FSH zote mbili, na hCG haileti FSH. Kwahiyo agonisti imekaa karibu zaidi na asili kwa upande huo.

Ila mpando wake ni mfupi. Wa asili unaenda kama masaa 48, wa agonisti ni masaa 24 mpaka 36 hivi alafu unashuka. Kwa yai inatosha, linaamka na kumaliza kazi yake. Kwa ile mifuko inayotakiwa kubaki ikitoa projesteroni haitoshi, inanyauka haraka sana. Na hapo ndio unapata faida na hasara kwa pigo moja: ovari zinatulia, OHSS inakaribia kutoweka kabisa, hedhi inakuja mapema, tumbo linarudi, lakini mji wa mimba unakosa projesteroni. Tafiti za mwaka 2005 zilizopandikiza mzunguko uleule baada ya agonisti zilikuta mimba chache na nyingi zikiharibika. Mapitio ya 2014 ya Cochrane, wale wanaokusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja, yakasema hivyohivyo: OHSS inapungua, lakini watoto wanaozaliwa kwa kupandikiza hapohapo na mayai yako mwenyewe wanapungua pia. Kwahiyo ukichoma agonisti peke yake, panga kugandisha viinitete vyote na kupandikiza mwezi mwingine. Kuna madaktari wanaoongeza hCG kidogo, yuniti 1,500, siku ya kuvuna ili kuuokoa mzunguko, ila kwa mwenye folikali nyingi hata hicho kidogo kinaweza kurudisha OHSS, mimi nisingekubali.

Sasa masharti yake, na hapa naomba usome polepole manake ndipo watu wanaumia.

Agonisti inafanya kazi kama akiba ya pituitari ipo na haijafungwa. Ukiwa kwenye mpango mrefu, ule ambao umechomwa agonisti hiyohiyo wiki mbili au zaidi ili kuzuia mayai yasitoke mapema, basi akiba imeshaisha na mlango umefungwa, ukichoma tena hakuna kitakachotoka. Inachanganya kwasababu dawa ni ileile, ila siku ya kwanza inamwaga, ukiendelea nayo inafunga. Kwahiyo agonisti kama triga ni kwa walio kwenye mpango wa antagonisti, ile dawa nyingine ya kuzuia mayai yasitoke mapema, Cetrotide au Orgalutran, au wale wanaozuiwa kwa vidonge vya projesteroni. Pili, mwanamke ambaye hapati hedhi kwasababu ubongo wake hautoi LH na FSH za kutosha, labda kwa mazoezi makali, kukonda sana, au amezaliwa hivyo, agonisti haitamfaa, hana cha kumwaga. Na aliyekaa muda mrefu kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, au ambaye LH yake iko chini sana siku ya triga, naye anaweza kupata mpando dhaifu.

Kinachosaidia ni kipimo cha damu asubuhi yake, masaa 10 mpaka 12 baada ya sindano. LH ikiwa chini ya 15 wanapata wasiwasi, na bado kuna muda wa kuongeza hCG na kusogeza siku ya kuvuna. Mimi mara ya pili nilipochoma agonisti nilikuwa maabara asubuhi yake kutoa damu, majibu yakatoka, LH 58, nikapumua. Kwa kweli kipimo hicho ni kidogo sana ukilinganisha na kuvunwa alafu ukute folikali tupu. Kama wanasema hawakifanyi, omba.

Kwenye idadi ya yaliyokomaa, nani mshindi?

Mara ya pili nilitoa 16, yaliyokomaa 12. Ukiangalia haraka utasema agonisti imeshinda, 12 kwa 8. Lakini nisikudanganye, mara ya pili daktari alisubiri siku moja zaidi kabla ya triga, folikali nyingi zilikuwa zimefika milimita 17 mpaka 20, wakati mara ya kwanza nilikuwa na nne kubwa na zingine nyingi za 11 na 12. Folikali ya chini ya milimita 12 mara nyingi haitoi yai lililokomaa hata uichome kitu gani. Kwahiyo nusu ya majibu yangu huenda ni saizi, sio dawa. Kwa ujumla hCG na agonisti zikifanyika sawasawa zinatoa ukomavu unaofanana, kwenye mizunguko mingi karibu robo tatu au zaidi ya mayai yanayotolewa yanakuwa MII, na ukipata 8 kwa 10 uko vizuri sana.

Ndio maana mimi siweki ukomavu kuwa sababu ya kwanza ya kuchagua kati ya hizi mbili. Sababu ya kwanza ni usalama wako na kama unapandikiza sasa au baadae. Ukomavu unakuja kuwa sababu kama umeshawahi kuvuna na ukakuta nusu au zaidi ni machanga, bila maelezo ya saizi wala ya makosa ya sindano. Na hapo ndio inaingia ya tatu.

Zote mbili

Triga mbili ni agonisti na hCG kwa pamoja. Wengine wanazichoma wakati mmoja, hCG ikiwa nusu dozi au ndogo zaidi, au kamili kwa mwenye folikali chache. Wengine wanazitenganisha, agonisti masaa 40 kabla ya kuvuna, hCG masaa 34 kabla, ili yai lipewe muda mrefu zaidi toka liamshwe. Wazo lenyewe lina mantiki: agonisti inaleta FSH na mpando wa asili, hCG inahakikisha nguvu na inaubeba mji wa mimba. Kama pituitari itakuangusha, hCG ipo. Kama ovari yako haiitikii hCG vizuri, LH yako ipo.

Je inafanya kazi? Kwa waliopata mayai mengi machanga huko nyuma, au folikali nyingi na mayai machache, kuna tafiti zinazoonyesha ongezeko la MII, na madaktari wengi wanaitumia kwa hao. Kwa mtu wa kawaida ambaye mayai yake yanakomaa vizuri, ushahidi haujakaa sawa, na mwongozo wa ESHRE wa 2019, ile jumuiya ya Ulaya ya uzazi wa binadamu, ulisema pengine haipendekezwi kuwapa wote. Naungana nao. Ukiona kituo kinampa kila mtu triga mbili, uliza kwanini wewe.

Dada yangu mdogo ana akiba ndogo ya mayai. Mzunguko wake wa kwanza walitoa 5, likakomaa 1. Wa pili, triga mbili zikitenganishwa, walitoa 6 yakakomaa 4. Ni mtu mmoja, haithibitishi kitu, ila kwake yeye hakukuwa na hatari ya OHSS kabisa na folikali 6, kwahiyo alikuwa hana cha kupoteza kwa kujaribu. Kwa mwenye folikali 25 hesabu ni tofauti kabisa, manake ile hCG ndani ya triga mbili ni hCG ileile, inaleta OHSS ileile. Hili nimeona linasahaulika, mtu ana PCOS, ile hali ya ovari kuwa na folikali ndogo nyingi, anasikia "triga mbili inakomaza zaidi" anaiomba, hajui anaomba kurudishiwa tatizo ambalo agonisti ilikuwa imeliondoa.

Ukomavu sio ubora

Hapa nataka nikae kidogo kwasababu ndipo matumaini yanapotupeleka pabaya. Yai lililokomaa ni yai lililomaliza hatua. Yai bora ni lile lililomaliza hatua na kromosomu zake ziko 23 kamili, na lina nguvu ya kulisha kiinitete siku za mwanzo. Triga inaweza kukusaidia kwenye la kwanza. Kwenye la pili inasaidia kidogo sana, manake kromosomu zinakosea kwa umri, zile nyuzi zinazozishikilia zinachoka, na ukifika miaka 40 zaidi ya nusu ya viinitete vinakuwa na kasoro ya kromosomu hata kama mayai yote yalikuwa MII mazuri ya kuvutia. Hakuna triga inayorudisha hilo nyuma. Na folikali inachukua kama miezi mitatu kukua kutoka ndogo mpaka ya kuvunwa, kwahiyo mambo kama kuacha sigara yanatakiwa yaanze miezi mitatu kabla, sio wiki ya sindano.

Kwahiyo kama ulipata MII 10 kati ya 12, zikarutubika 8, alafu zote zikasimama siku ya 3 hazikufika blastosisti, yani kiinitete cha siku ya 5, usibadilishe triga ukitegemea muujiza. Tatizo liko kwingine, inaweza kuwa umri, inaweza kuwa mbegu, inaweza kuwa maabara. Ila kama ulipata 12 na zilizokomaa ni 4, hapo ndio mazungumzo ya triga yana maana, na uyafanye kabla hamjaanza mzunguko mpya, manake kama unataka agonisti inabidi mpango uwe wa antagonisti toka mwanzo, huwezi kuamua siku ya mwisho.

Na yale MI, baadhi yanamalizia kukomaa maabara usiku huo, wanayachoma mbegu kesho yake. Yanaweza kuzaa mtoto, ila nafasi ni ndogo kuliko ya yale yaliyokomaa ndani ya mwili. Usiyatupe moyoni, ila usiyapigie hesabu.

Mimi ningechagua hivi

Una PCOS, au AMH, ile homoni inayoonyesha akiba ya mayai, iko juu, au folikali karibu 20 na kuendelea: agonisti, gandisha vyote. Sioni hata kama ni mjadala. Sawa na anayevuna kwa ajili ya kugandisha mayai, anayemchangia mwingine mayai, anayetaka viinitete vipimwe kromosomu kabla ya kupandikizwa, na mgonjwa anayewahi kuhifadhi mayai kabla ya matibabu ya saratani. Wote hao hawapandikizi sasa, kwahiyo hasara kubwa ya agonisti haiwagusi.

Una folikali za kawaida, 8 au 10, na mnataka kupandikiza mzunguko huohuo: hCG. Uko kwenye mpango mrefu, au ubongo wako hautoi LH: hCG, huna njia nyingine. Na kama uko kwenye mpango mrefu na folikali zimekuwa nyingi ghafla, ongea na daktari kuhusu kupunguza dozi ya hCG, kugandisha vyote, na kabergolini ya kupunguza maji, hata kuahirisha mzunguko mzima, na hiyo ya kuahirisha inauma lakini ipo.

Una folikali chache na historia ya mayai machanga: triga mbili, au hCG na kusogeza kuvuna kwenye masaa 37 au 38. Una folikali nyingi NA historia ya machanga, hapo ndio pagumu. Mimi ningeanza na agonisti na kipimo cha LH asubuhi, niangalie saizi za folikali kwa ukali zaidi, kabla ya kuruhusu hCG yoyote. Ila hapo daktari wako anaona vitu mimi sivioni.

Saa

Nusu ya stori za "triga haikufanya kazi" ni stori za saa na sindano. Unga haujachanganyika wote, kalamu haijabonyezwa mpaka mwisho, dawa imekaa kwenye joto, saa imekosewa. Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu. Kwenye karatasi yangu waliandika 10:30 PM. Ukiisoma haraka na uchovu wa zile siku unaweza kusema saa kumi na nusu, ukachoma jioni, ukawa umekosea masaa sita mazima. Nesi wetu aliichukua ile karatasi akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu, SAA NNE NA NUSU USIKU, akaniambia, "Dada, sio saa nne na dakika arobaini. Nne na nusu." Tukaweka alamu mbili, mume wangu akachoma huku mimi nikihesabu, tukaacha sindano ndani mpaka kumi ndio akaitoa, tukapiga picha ya sindano tupu na saa pembeni. Kesho kutwa yake saa nne na nusu asubuhi nilikuwa mezani.

Ukikosea saa, piga simu hapohapo, hata kama ni usiku wa manane na unaona aibu. Wanaweza kusogeza muda wa kuvuna. Wasipojua hawawezi. Na kama hata baada ya kuvuna ovari moja wanakuta tupu, wanaweza kusimama, wakapima damu kuona kama dawa iliingia, wakakuchoma upya na kuvuna ovari ya pili baada ya masaa 36 mengine. Wenzetu wamepata watoto hivyo.

Usiondoke siku ya kuvuna au kesho yake bila kuandikiwa hizi: mayai mangapi yalitoka, GV ngapi, MI ngapi, MII ngapi, saizi za folikali siku ya triga, dawa na dozi ya triga, saa uliyochoma na saa waliyoanza kuvuna. Mimi mzunguko wa kwanza sikuomba, na nilipohamia kwa daktari mwingine akaniuliza MI zilikuwa ngapi na GV ngapi kati ya zile 9, sikuwa na jibu, na kituo cha kwanza walichonipa ilikuwa karatasi yenye neno moja, "machanga". Kama zingekuwa MI angeongeza muda, kama zingekuwa GV angefikiria dawa nyingine au saizi. Ilibidi akisie.

Karatasi ya pili ninayo mpaka leo. 16 zilitoka, MII 12, MI 3, GV 1, triptorelini 0.2, saa 4:30 usiku, LH 58, kuvuna saa 4:35 asubuhi.